Wazazi wakiachana mtoto anakaa na nani? Yanayotazamwa na mahakama, na yanayopoteza kesi (uzi mrefu)

#1 MwandikaRipoti

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mjadala wa talaka ukipamba moto lazima atokee mmoja aseme mahakama ni za wanawake, na mwingine amjibu kwamba mwenye hela ndiye anayeondoka na mtoto. Kazi yangu ni kuandika zile ripoti ambazo hakimu huzisoma kabla hajaamua mtoto akae wapi. Naenda kwa mama, naenda kwa baba, naongea na mwalimu, kisha naongea na mtoto peke yake. Mimi si wakili, na sheria hutofautiana nchi na nchi, ila kwenye jambo hili nchi nyingi zimeishia kwenye swali lile lile: maslahi ya mtoto yako wapi? Shida ni kwamba wazazi wengi wanaingia mahakamani wamejiandaa kujibu swali lingine kabisa, la nani aliivunja ndoa.

Nimewahi kusoma hati ya kiapo nene, imejaa meseji zilizopigwa picha, tarehe, majina ya gesti, nani alionekana na nani. Mtoto anatokea aya ya mwisho: "vilevile naomba nikabidhiwe mtoto." Na jina la mtoto lenyewe limekosewa herufi. Mwenye hati alikuwa na uchungu wa kweli, sibezi. Lakini hakimu akimaliza kuisoma anajua kila kitu kuhusu mke na hajui lolote kuhusu mtoto: yuko darasa la ngapi, ana pumu au hana, akiugua usiku anamwita nani.

Uzinzi peke yake, kwa mahakama nyingi za leo, haumpokonyi mtu mtoto. Utampokonya pale ulipomgusa mtoto mwenyewe, mfano anafungiwa ndani usiku peke yake wakati mzazi katoka. Zamani mambo yalikuwa mengine. Uingereza ya karne ya 19 mtoto alikuwa wa baba, mjadala umefungwa. Mwandishi mmoja wa huko, Caroline Norton, aliachana na mumewe mwaka 1836, mume akawachukua watoto wao watatu wa kiume, na sheria haikumpa mama mahali pa kulalamikia. Akaandika vijitabu, akawasumbua wabunge, hadi 1839 ikapita sheria ya kumruhusu mama aombe kukaa na watoto walio chini ya miaka 7. Hata hivyo aliyethibitika kuzini alibaki nje ya mlango. Ni 1925 ndipo sheria ya huko ilipotamka kwamba ustawi wa mtoto unatangulia madai ya baba na ya mama. Mwaka 1989 maslahi ya mtoto yakaingia kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, na leo yamo hadi kwenye katiba za nchi, mfano ya Kenya ya 2010, ibara ya 53.

Sasa, hakimu anapima nini?

Kubwa kuliko yote, kwa ninavyoona, ni nani AMEKUWA akimlea. Siyo nani anaahidi kumlea. Kila mzazi akifika mbele yangu anaahidi: nitapunguza safari, nitabadilisha zamu kazini, nitamhamisha shule nzuri. Naandika ahadi zote. Halafu naanza maswali yangu madogo. Kiatu chake namba ngapi? Rafiki yake darasani anaitwa nani? Dawa gani inamletea mzio? Mzazi asiyelea hutoa jibu la jumla: "anapenda sana michezo." Anayelea mara nyingi hata hajibu kwa kujisifu, anajibu kwa kulalamika: "Alikuwa 31, sasa vinambana, na vya shule havijaisha hata muhula." Jibu la namna hiyo halipikiki, na mahakimu wazoefu wanalijua wakilisikia.

Usalama unakuja juu ya kila kitu ukishathibitika. Kipigo cha mume kwa mke (au mke kwa mume, yapo) kinahesabika hata kama mtoto hajawahi kuguswa, kwa sababu mtoto anayesikiliza kipigo kupitia ukuta naye anaumia. Majimbo mengi ya Marekani yameweka kabisa dhana kwamba mzazi mwenye historia ya ukatili wa nyumbani hafai kukabidhiwa mtoto mpaka athibitishe vinginevyo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: uko tayari kiasi gani kumwacha mtoto ampende mwenzako? Mzazi anayemsema vibaya mwenzake mbele ya mtoto, anayezima simu siku ya mwenzake kumchukua, anadhani anajenga kesi. Kama kwa mwenzake hakuna hatari yoyote, anaibomoa kesi yake mwenyewe.

Mengine ni ya kawaida: umri, afya, shule, ndugu wasitenganishwe bila sababu, nani mwingine anaishi humo ndani. Sitayachambua moja moja. Mwenye swali aulize.

#2 Mfukunyuku

Mkuu unaongea vizuri ila tusidanganyane. Mtoto chini ya miaka 7 ni wa mama. Hiyo ndiyo sheria, mengine mapambo.

#3 MwandikaRipoti

Mfukunyuku, nusu yake ni kweli. Chukua mfano wa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125. Kinasema ipo dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake. Lakini ni dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, na kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha hamisha. Yaani kama mtoto wa miaka 4 amelelewa na baba tangu mama aondoke, baba ana hoja mkononi ndani ya sheria ileile unayoniambia ni ya mama.

Wanachofanya akina baba wengi ni kuisikia hiyo "miaka 7" mtaani, wanakata tamaa, hawapeleki hata maombi. Baadaye takwimu zikionyesha akina mama ndio wengi wanaokaa na watoto, tunasema mahakama imependelea. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mambo haya humalizwa kwa makubaliano, hakimu anapitisha tu walichokubaliana, na makubaliano hufuata yale yaliyokuwepo wakati wa ndoa. Aliyekuwa anaogesha na kupeleka kliniki ndiye anayeendelea.

#4 BabaWawili

Mleta uzi, naomba msaada kwenye hili. Mimi niliondoka nyumbani mwaka jana ili kuwe na amani, nikamwachia mwenzangu nyumba pamoja na watoto wawili. Kesi bado inapigwa tarehe. Watoto nawaona akijisikia yeye. Rafiki zangu wanasema subiri hukumu. Je, nimejiharibia?

#5 MwandikaRipoti

Kaka, hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Watu wanafikiri kesi ya malezi inaamuliwa siku ya hukumu. Mara nyingi imeamuliwa miezi mingi nyuma, siku mlipoachana na mtoto akabaki alipobaki. Kila wiki inayopita mtoto anazoea: njia ya shule, chumba, majirani, ratiba. Hakimu anapokuja kuamua, hakuti ukurasa mweupe. Anakuta maisha yanayoendelea, na mwelekeo wa mahakama popote duniani ni kutoyavunja maisha yanayoendelea vizuri bila sababu nzito.

Nikupe mfano unaoniuma kila nikiukumbuka. Marekani, kesi ya Palmore dhidi ya Sidoti. Wazazi wazungu wameachana huko Florida, mama akapewa mtoto wa kike. Baadaye mama akaanza kuishi na mwanamume mweusi, wakaoana. Baba akarudi mahakamani, na jaji akamhamishia mtoto kwa baba, kwa hoja kwamba mtoto angenyanyapaliwa na jamii. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja, ikatengua: ubaguzi wa jamii hauwezi kuwa sababu ya kumpokonya mama mtoto. Ushindi mkubwa, wanafunzi wa sheria wanausoma hadi leo. Lakini je, mama alirudishiwa mtoto? Hapana. Wakati rufaa ikipanda ngazi baba alishahamia Texas na mtoto, na mahakama ya Florida ikaiachia ya Texas jambo hilo. Mtoto akabaki kwa baba. Mama alishinda hoja, muda ukashinda kesi.

Kwa hiyo ushauri wa "subiri hukumu" ni ushauri wa kupoteza. Omba amri ya muda. Karibu kila mfumo wa sheria unaruhusu mahakama itoe amri ya muda ya malezi na ya kuonana na watoto kesi ikiwa bado inaendelea. Huombi kushinda, unaomba usifutike kwenye wiki za watoto.

Na tafadhali, usiende kuwachukua kwa nguvu shuleni eti kusawazisha. Mzazi anayenyakua mtoto ndiye anayepeleka ushahidi dhidi yake kwa miguu yake. Kuvuka naye mpaka ni kubaya zaidi: Mkataba wa The Hague wa 1980 uliwekwa kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 16 waliohamishwa namna hiyo, na nchi zilizojiunga zinatakiwa kumrudisha mtoto upesi alikotoka ili mahakama za kule ndizo ziamue malezi. Lakini ona na hapo muda unavyofanya kazi: maombi yakipelekwa baada ya mwaka mmoja kupita, na ikathibitika mtoto ameshazoea makazi mapya, mahakama inaweza kukataa kumrudisha.

#6 Kiti_cha_Nyuma

Nimevuta kiti nasoma taratibu. Hii ya "alishinda hoja, muda ukashinda kesi" imenichoma.

#7 DadaMtulivu

Naomba kuuliza kuhusu kauli ya mtoto. Wangu ana miaka 10. Anasema anataka kwa baba. Najua sababu: kule hakuna saa ya kulala wala daftari. Hakimu akimuuliza akasema hivyo, ndiyo imeisha?

#8 MwandikaRipoti

Haijaisha dada. Ule mkataba wa 1989, ibara ya 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa na maoni yake kupewa uzito kulingana na umri na upevu wake. Kusikilizwa ni kitu kimoja, kuamua ni kingine. Hata jimbo la Georgia huko Marekani, ambako mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kuchagua mzazi wa kukaa naye, jaji anaweza kulikataa chaguo hilo akiona halina maslahi kwa mtoto. Mtoto wa miaka 10 atasikilizwa, ila sababu zake ndizo zitapimwa. "Kwa baba silali mapema" ina uzito wake, mdogo. "Kwa mama naogopa yule mjomba anayekuja" ina uzito mwingine kabisa, na hapo kila kitu kinasimama.

Mimi sijawahi kumuuliza mtoto "unamtaka nani." Ni swali la kikatili. Namuuliza jana ilikuwaje tangu alipoamka. Akitaka kusema atasema njiani.

Na kuna la kupandikizwa maneno, hili wazazi mnadhani hatulioni. Mtoto wa miaka 7 aliniambia, bila kunitazama, kwamba baba yake "hatimizi wajibu wake wa kifedha." Nikamuuliza maana yake nini. Akanyamaza, akaanza kuvuta uzi wa sweta. Nikamuuliza kama baba anajua kupika, uso ukafunguka: "Anaunguza! Kila siku anaunguza, tunacheka." Kwenye ripoti niliandika yote mawili.

#9 KalamuNyekundu

Mimi ni wakili, naomba nichomeke jambo ambalo mleta uzi amelipita. Watu wanachanganya vitu viwili. Kimoja ni mtoto ANAKAA wapi. Cha pili ni nani ANAAMUA mambo yake makubwa: shule, dini, upasuaji, kusafiri nje ya nchi. Mahakama inaweza kumkabidhi mmoja makazi na kuwaachia wote wawili maamuzi. Wateja wangu wengi wanapigania cha kwanza kufa na kupona, kumbe wanachokiogopa ni kunyimwa cha pili.

Na hii ya "nusu kwa nusu" inayosambaa siku hizi, tahadhari. Australia mwaka 2006 waliweka kwenye sheria dhana ya wazazi kuwa na wajibu sawa wa maamuzi. Wananchi wakaisoma kama "siku sawa kwa kila mzazi", jambo ambalo sheria haikusema. Wazazi wakaingia mazungumzo na rula mkononi, na waliotoka kwenye ndoa za kipigo wakakubali mipango ya hatari wakidhani hawana namna. Mwaka 2023 Bunge lao likaiondoa dhana hiyo, na kuanzia Mei 2024 swali limerudi kuwa maslahi ya mtoto husika. Japani nao wamekwenda upande wa pili: miaka yote baada ya talaka mzazi mmoja tu ndiye aliyebaki na mamlaka juu ya mtoto, na 2024 wakabadilisha sheria ili wote wawili waweze kubaki nayo. Hakuna kanuni moja ya hesabu inayofaa kila nyumba.

#10 MwandikaRipoti

Asante wakili, nakubali. Naongeza tu kutoka upande wangu wa mlango: nusu kwa nusu inafanya kazi pale nyumba mbili zikiwa karibu na wazazi wanaweza kuulizana kuhusu homa bila kutukanana. Kama kila kukabidhiana mtoto ni vita getini, umempa mtoto vita mara nyingi zaidi kwa wiki.

#11 Mfukunyuku

Haya, la miaka 7 nimekuelewa. Ila hela? Usiniambie hakimu atamwacha mtoto kwenye chumba kimoja cha kupanga wakati baba ana nyumba ya ghorofa.

#12 KalamuNyekundu

Atamwacha, na nimeshaona ikitokea. Tofauti ya kipato inarekebishwa kwa amri ya matunzo. Mwenye ghorofa anaamriwa achangie, mtoto anabaki kwa anayemlea. Umaskini unakuwa hoja pale tu mtoto anapokosa mahitaji ya msingi, na hata hapo swali la kwanza ni kwa nini mwenzake mwenye uwezo hachangii.

Tukiwa hapo hapo: matunzo na kuonana na mtoto haviuzwi kimoja kwa kingine. Baba hajatoa pesa ya mwezi, mama anafunga geti. Mama kafunga geti, baba anasimamisha pesa. Wote wawili wanamwadhibu mtu ambaye si mhusika wa ugomvi. Asipolipa, peleka maombi ya kukazia amri. Akifunga geti, vivyo hivyo, na anayedharau amri ya mahakama anaweza kuadhibiwa.

#13 Bint_Salim

Na kwa sisi Waislamu? Nilifundishwa mama akiolewa tena basi watoto wanaenda.

#14 KalamuNyekundu

Dada, kwenye fikihi (elimu ya sheria za Kiislamu) hadhana, yaani malezi ya mtoto mdogo, huanza kwa mama, huku usimamizi wa mali na mambo makubwa ukibaki kwa baba. Hadi umri gani, madhehebu yanatofautiana: Hanafi hutaja takriban miaka 7 kwa mvulana na 9 kwa msichana, Shafi mtoto akifika umri wa kupambanua hupewa nafasi ya kuchagua. La mama kuolewa na mtu asiye maharimu wa mtoto (asiye ndugu wa karibu ambaye ndoa naye ni haramu) lipo kwenye vitabu kama ulivyofundishwa. Lakini nchi zenye sheria za familia za Kiislamu zilizoandikwa zimeweka taratibu zao. Morocco, kwa mfano, tangu marekebisho ya 2004 mtoto akifika miaka 15 anachagua mwenyewe. Kwa hiyo uliza sheria iliyoandikwa ya mahali kesi ilipo, usiishie kwenye kanuni uliyosikia.

#15 Kiti_cha_Nyuma

Swali la haraka: hukumu ikishatoka ndiyo milele?

#16 MwandikaRipoti

Hapana. Amri ya malezi inaweza kubadilishwa mambo yakibadilika kwa uzito: mzazi anahama mbali, anaugua, kuna ukatili umeibuka, mtoto amekua na mahitaji mengine. Ila "nimeoa tena na mke wangu mpya anapenda watoto" siyo mabadiliko ya maisha ya mtoto, ni ya kwako.

#17 BabaWawili

Wakuu nimerudi. Nimeongea na wakili, maombi ya amri ya muda yanaandikwa. Nimepata na nyumba ya kupanga karibu na shule yao. Ameniuliza naomba nini hasa, nikamwambia "muda wa kutosha na watoto." Kuna cha kuongeza?

#18 MwandikaRipoti

Hiyo nyumba chukua, kaka. Lakini "muda wa kutosha" kifute. Amri ikisema "muda wa kutosha", mama watoto ataisoma kuwa Jumapili mchana, wewe utaisoma kuwa wikiendi nzima, na mtarudi kwa hakimu ndani ya muda mfupi. Taja siku na saa: Jumatano unawachukua shuleni wakitoka, Alhamisi asubuhi unawarudisha shuleni, Ijumaa hadi Jumapili jioni, wiki moja ndiyo, moja hapana, likizo nusu kwanza wewe mwaka huu, yeye mwakani. Makabidhiano yafanyike shuleni kila inapowezekana, siyo mlangoni kwake. Taja na simu ya jioni, saa ngapi na kwa namba ipi.

Kisha ukipewa hata robo ya hayo, usikose siku moja. Ukipata dharura mwarifu kwa meseji mapema na upendekeze siku mbadala, kwa lugha ambayo usingeona aibu hakimu akiisoma kwa sauti, maana huenda akaisoma. Anza kuhudhuria vikao vya wazazi shuleni, mwalimu akujue kwa sura. Mwenzangu atakayekuja kuandika ripoti yenu ataanzia kwa mwalimu.

#19 BabaWawili

Nimenakili yote. Kiatu cha mkubwa ni 34, nimeuliza jana.

#20 DadaMtulivu

Na cha mdogo? 😀